Mshono Uliokataa Kufumuka

Zuhura, wewe na wenzio mliobaki pale karakana ya mavazi Wembley mliniomba niandike nilivyofanya kazi. Haya, nimeandika kwa mkono wangu, polepole. Shule yangu mimi ni chuo cha Maalim Athumani na madarasa manne ya serikali, basi. Aliyechapa ni mjukuu wangu Nasra. Kiswahili anakisikia chote lakini hujibu kwa Kiingereza, kwa hiyo nikimwambia achape hivyohivyo nilivyoandika, ananiambia okay, Bibi, na sijui ameandika nini. Mkiona kosa, la kwake.

Habari za vyeo hamtazipata hapa. Cheo changu cha kwanza kilikuwa fundi na cha mwisho kilikuwa fundi. Nitawaandikia habari ya kuogopa, kwa sababu ndiyo niliyojifunza zaidi pale, na ninyi nikiwatazama naona hamuogopi.

Siku yangu ya kwanza nilipotea. Kutoka Walthamstow nilishika treni ya Victoria mpaka Green Park, na pale chini nikazunguka nikitafuta treni ya Jubilee kama mtu anayetafuta mlango wa kutokea kaburini. Nilifika Wembley saa nzima nimechelewa, nimejiandaa kufukuzwa. Kwenye meza kubwa walikaa mafundi wanne: Doroti Mwingereza, Filomena Mreno, Grace wa Jinja, na mama mmoja wa Kihindi mwenye miwani kwenye ncha ya pua, ambaye hakuniangalia. Doroti ndiye alikuwa mkubwa wa meza. Hakuniuliza kwa nini nimechelewa. Alinipa shati jeupe zuri akaniambia, "Chana."

Nilidhani ananijaribu akili. Akasema tena, "Vuta mkono wake." Nikavuta kidogo, na mkono wote ukaja kama ganda la ndizi. Nikaona nimeharibu nguo ya watu siku ya kwanza. Doroti akacheka, kisha akanifundisha mshono wa uongo.

Mnaujua ninyi, lakini acheni niuseme. Kwenye filamu za ngumi nguo lazima zichanike. Kwa nje mshono unaonekana kama mwingine wowote. Ndani ni bandi tu, mshono wa kushikiza kwa muda, uzi dhaifu wa pamba, hatua ndefu, na mwisho hakuna fundo. Doroti aliniambia, "Mshono wa kweli kazi yake kushika. Huu unashika mpaka wakati wake, halafu unaachia bila kuuliza. Ukikosea, si nguo inayoumia, ni mtu." Akanionyesha kidole chake kilichopinda, alichovunjwa na kamba ya joho iliyokataa kuachia wakati wa majaribio. "Fundi asiyeiogopa nguo yake simtaki mezani pangu." Sheria zake zilikuwa mbili. Kila mshono wa uongo utiwe alama ya msalaba wa chaki ya buluu kwa ndani, ili mwenzako ajue. Na kabla nguo haijatoka mkononi mwako, ipitishe vidole. Macho yanadanganya, alisema, vidole havijui kudanganya.

Yule mama wa Kihindi alinisemesha siku ya tatu. Nilimsikia anagombana na pasi. "Pasi hii ina wazimu," alisema, kwa Kiswahili, tena cha Mombasa. Nikaacha sindano. Kumbe ni Kantaben wa Makupa. Mimi ni wa Kibokoni. Tumekulia mji mmoja, tumenunua uzi kwenye mitaa ileile, na hatukuonana hata siku moja mpaka tulipokutana mbele ya pasi mbovu Wembley.

Basi tukawa marafiki, na kushindana kukaanza siku hiyohiyo. Mimi nilijifunza kwa mama yangu kushona kofia za viua, za kutarizi tundu kwa tundu. Yeye alijifunza kwa mama yake blauzi za sari. Akitazama kazi yangu husema, "Nzuri, Bi Hawa. Ukimaliza mwenyewe atakuwa ameshazeeka." Nami humwambia mishono yake ni kama barabara ya Voi, imenyooka na hakuna cha kutazama. Uzi wake alikuwa anaupaka nta, kwa mazoea ya kwao, na hakuna aliyewahi kuona mshono wa Kanta umeachia. Tulikaa bega kwa bega miaka ishirini. Nikifunga Ramadhani yeye alikwenda kulia chakula chake kwenye ngazi. Tena akirudi ananiambia kilikuwa kibaya, ili nisitamani.

Doroti alistaafu, akafariki, Mungu amlaze pema. Akaja Jil kuwa mkubwa wetu, mwanamke wa haki lakini mwenye macho ya mwewe. Nami ndipo macho yangu yakaanza kuniacha.

Ulianza kama ukungu. Nilifuta miwani, ukungu ukabaki. Taa zikawa na ndevu. Sikumwambia mtu. Niliogopa, na sitawaficha niliogopa nini: kurudishwa nyumbani nikae mbele ya televisheni mpaka nife, mtu ambaye mikono yake bado mizima. Nikawa kila asubuhi nampa Nasra sindano kumi anitilie uzi kabla hajaenda shule. Alidhani ni mchezo wetu. Nazichomeka ndani ya koti, na kazini nachomoa mojamoja. Uzi wa ya kumi ukiisha, ninajifanya kichwa kinaniuma.

Mwaka ule wote nilifanya kazi kwa vidole na kwa hofu. Kisha nikaanza kuona mambo. Pindo nililoliacha na wasiwasi nalikuta asubuhi liko sawa. Kifungo nilichodhani nimekiweka upande kiko mahali pake. Nikasema, alhamdulillahi, mikono yangu inajua. Lakini siku moja nikagusa uzi kwenye kazi yangu mwenyewe nikasikia una nta. Mimi situmii nta. Nikajua Kanta anapekua kazi zangu nikiondoka, na nikaamini anakusanya makosa yangu ampelekee Jil. Tukawa tunakula pamoja na mimi namwangalia kama mtu anayekula na nyoka. Hata utani nikapunguza. Akaniuliza, "Una nini, Hawa?" Nikamwambia ni mguu.

Ndipo ikaja ile filamu. Ilikuwa ya Kihindi, ya ngumi na vichekesho, habari ya mji mdogo huko India. Steringi, yaani mchezaji mkuu, alikuwa na kazi nyingine Uingereza na hakuweza kusafiri, basi mji ukaletwa kwake. Ndani ya ghala lililopakana na karakana yetu wakajenga barabara nzima: maduka mawili ya halua yanayotazamana, kinyozi, waya za umeme zilizokorogana, na mashine ya kukamulia miwa yenye rola mbili za chuma. Hata vumbi walileta kwenye magunia. Kanta aliposimama pale mara ya kwanza alisema panafanana na kwa mjomba wake, isipokuwa hakuna nzi.

Hadithi yenyewe ni ya marafiki wawili, watoto wa yale maduka mawili ya halua. Kila mmoja ana bendi yake ya harusi, na wote wawili wameitwa kwenye harusi moja. Wanapigana kwa tarumbeta na miko ya halua mji mzima. Mimi nilipewa kumshonea steringi, Kanta akapewa yule rafiki mshindani wake. Tukacheka siku hiyo, kicheko cha mwisho kwa muda mrefu.

Sisi tuliokwenda sinema ya kina mama mchana, Mombasa, tunajua kwamba steringi hafi. Lakini yule anayeruka badala yake ana shingo kama yangu. Jina lake Bali, kijana wa Southall, kalasinga mwenye mabega ya mlango. Aliyeruka badala ya yule mshindani ni Imran, rafiki yake tangu shule, na hao nao walikuwa hawaishi kubishana nani ameanguka kutoka juu zaidi. Bali alituita Anti Namba Moja na Anti Namba Mbili, akakataa kabisa kusema nani ni nani. Kanta alikuwa anamletea chapati za methi, majani ya uwatu, ili kura impate yeye.

Kwenye mapigano ya mwisho, skafu ya steringi inaingia kwenye mashine ya miwa. Rola zinaivuta, uso wake unasogea kwenye chuma. Mshindani wake ameshashika tarumbeta ya ushindi anakimbia. Anageuka, anamwona, anatupa tarumbeta, anarudi kumvuta, na skafu inakatika. Hapo wanakumbatiana. Skafu ile ya manjano niliishona mimi, tano zinazofanana, kila moja na mshono wa uongo kisogoni.

Asubuhi ya siku ile walijaribu moja, Kanta akiwa bado karakana. Bali aliivaa, rola zikazunguka, mshono ukafumuka kama nilivyotaka. Dairekta, Bwana Mahesh, akapiga makofi. Zikabaki nne kwenye trei mezani kwangu. Nikaenda stoo ya kofia kusali adhuhuri, na nilikawia, maana niliomba sana juu ya macho yangu.

Niliporudi trei ilikuwa na skafu moja. Jil alikuwa amezichukua tatu, moja ya kuvaliwa na mbili za akiba. Kanta alikuwa mezani kwake anafuta miwani. Nikaiokota ile iliyobaki na, kwa mazoea tu, nikaipitisha vidole.

Mishono ilikuwa midogo, imebana, ina nta.

Nikavuta kwa vidole viwili. Haikuachia. Nikavuta kwa mikono miwili. Nikaikanyaga upande mmoja nikavuta kwa nguvu zangu zote. Ilikuwa kama kuvuta mkanda wa gari.

"Usiivute hivyo, Hawa," Kanta akasema, taratibu. "Sasa imekaa vizuri."

"Umefanya nini?"

"Nimekusitiri. Mishono ilikuwa imelala kama bandi, haina hata fundo. Jil angeiona leo. Nimezishona upya zote nne."

"Kanta, hii ni ya kufumuka."

"Haina alama. Nilidhani ni zile za kawaida, za harusini."

"Nimetia alama."

Alinishika mkono akauweka juu ya kitambaa cha meza yangu, akaupitisha. Vumbi la chaki likanishika kidoleni. "Misalaba minne," akasema. "Iko hapa mezani, Hawa. Skafu zilikuwa zimeteleza. Nilidhani unajaribu chaki." Sauti yake ikabadilika. "Mwaka mzima narekebisha kazi yako, kwa sababu huoni. Nilidhani na hii ni hiyohiyo."

Sikuwa na wakati wa kuona aibu. Iliningoja, nikaja kuiona baadaye. Nikamwambia, "Bali amevaa."

Tukakimbia. Mkisikia mafundi wawili wa umri wetu wamekimbia, mtacheka. Ule ukumbi kati ya karakana na ghala una giza, na mimi gizani sioni kitu. Kanta ana magoti mabovu. Akanishika kiwiko akawa macho, mimi nikamvuta nikawa miguu. Njia nzima alikuwa anasema kitu kimoja kwa Kigujarati, kama dua, mara kwa mara, na sikuhitaji kuuliza maana yake.

Juu ya mlango wa ghala kuna ile taa nyekundu. Ikiwaka, wanapiga picha, na hakuna anayefungua. Miaka yangu yote sikuwahi kuufungua mlango ule taa ikiwaka. Aliyekaa mlangoni ni Terensi, ambaye binti yake Keisha nilimshonea gauni la shule.

"Taa inawaka, Mama Hawa," akaninong'oneza.

"Terensi, shingo ya Bali."

Alinitazama, na naona alitaka kuuliza. Kanta hakumngoja. Alisukuma mlango kwa nyonga.

Niwaambieni nilichokikuta, kwa sababu hicho ndicho kinachonijia mpaka leo nikifumba macho. Niliwakuta watu wanacheka. Wameziba midomo wasiharibu sauti, mabega yanatetemeka. Mbele ya mashine Bali amepiga magoti, kidole kimoja amekiingiza kati ya skafu na koo, na mkono mwingine ameunyoosha juu, vidole vimetawanyika. Walidhani anaigiza vizuri kuliko asubuhi. Na Imran, rafiki yake, alikuwa anamvuta kumwokoa kama alivyoelekezwa, kwa nguvu zake zote, na kila akivuta skafu inabana.

Mimi nilipiga kelele, "Zima." Hakuna aliyeelewa. Nilikuwa nimesema Kiswahili. Kanta akasema kwa Kihindi, na Suresh aliyekaa kwenye swichi akazima. Rola zikasimama, lakini hazikuachia, na skafu ikabaki imekaza. Mtu akaleta kisu, nikamsukuma. Kisu kwenye shingo ya mtu anayefurukuta, nani atakubali?

Nilipiga magoti nyuma ya Bali. Mkasi wangu mdogo umening'inia shingoni kwa uzi miaka yote, mnaukumbuka. Sikuona kisogo chake, niliona manjano tu. Nikatafuta kwa kidole. Mishono ya Kanta niliikuta mara moja, mmoja baada ya mwingine, sawasawa kama punje za tasbihi. Nikaingiza ncha ya mkasi chini ya mmoja nikakata. Haukuachia, kwa sababu Kanta hufunga fundo kila baada ya mishono mitatu. Nikakata wa pili, wa tatu, wa nne. Nikasikia sauti ikitoka kooni mwa Bali ambayo sitaiandika. Nikakata wa saba, na skafu yote ikaachia kwa mkupuo, akaniangukia mapajani, mzito, na kwa muda hakufanya chochote. Kisha akavuta pumzi.

Imran alikaa chini vumbini akajishika kichwa. Watu hawakuwa wakicheka tena.

Daktari wa pale alimtazama Bali na kusema amepona. Jil akasimama katikati yetu na vipande viwili vya skafu. Akauliza, "Mshono huu ni wa nani?"

"Wangu," nikasema.

"Wangu," Kanta akasema, palepale.

"Nimeuliza mtu mmoja."

"Ni wangu, huyu anapenda kusifiwa," nikamwambia. Kanta akasema, "Tazama nta." Tukawa tunagombania kosa kama tulivyogombania kila kitu. Bali alikuwa kwenye kiti na barafu shingoni. Sauti yake ilikuwa kama ya mzee. Akasema, "Leo Anti Namba Moja hayupo." Hakukuwa na utani ndani yake.

Basi nikasema yote. Macho, sindano kumi za Nasra, chaki mezani. Kanta akasema ya kwake: mwaka mzima alibaki nyuma ya wenzake kunirekebishia, na hakuniambia kwa sababu aliogopa nitaona aibu nisije tena, akabaki peke yake na pasi. Nami nilikuwa nimemdhania mpelelezi. Jil akasema nisirudi kwenye sindano mpaka niende hospitali, na Kanta asiguse kazi ya mwenziwe mpaka aulize, hata akiona inaungua.

Nilikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Walinipasua la kulia, kisha la kushoto. Nilipotoa bandeji niliona mikono yangu, nikashangaa ilivyozeeka.

Ule ushanga mmoja mnaoshona ndani ya kila mshono wa uongo, mkaniuliza wa nini, asili yake ndiyo hiyo. Chaki iliondolewa siku ileile. Ushanga unaguswa hata na kipofu. Na ile sheria ya kuchana nguo moja mbele ya mvaaji, muda huohuo kabla hajaivaa, si asubuhi, si jana, msiione ni usumbufu wa wazee. Zuhura, nilikuona mwezi wa mwisho ukiruka ile sheria kwa sababu dairekta ana haraka. Dairekta ana haraka siku zote. Shingo si yake.

Nilifanya kazi mwaka mmoja zaidi nikaacha. Wiki mbili baadaye filamu ikatoka, Kanta akanipigia simu, "Twende." Sikutaka. Tulikwenda mchana, hapohapo Wembley, mimi, Kanta na Nasra, na Bali akakaa nyuma yetu na Imran. Jumba lilijaa familia na watoto na bisi. Walicheka kwenye tarumbeta, wakacheka kwenye miko.

Ikaja mashine ya miwa. Wameiacha picha ileile. Bwana Mahesh alimwuliza Bali, na Bali akasema iachwe, ameitolea jasho. Uso wameuficha kwa ujanja, kwa hiyo unaona mkono umenyooka juu, vidole vimetawanyika, na jumba zima likaangua kicheko, Nasra naye. Kanta alinishika mkono, kucha zikaingia. Kisha kamera ikazunguka nyuma, na kisogo cha Bali kikajaa ukuta mzima, na kwa macho yangu mapya nikaiona kwa mara ya kwanza mishono ya Kanta, mikubwa kama milango, imesimama mstari mmoja, hakuna hata mmoja uliolegea.

"Umeiona?" Kanta akaninong'oneza.

"Nimeiona."

"Wasemaje?"

"Ni mizuri kuliko yangu."

Miaka ishirini aliyangoja maneno hayo. Aliendelea kunishika tu. Nyuma yetu nilimsikia Bali anacheka pamoja na watu. Halafu kicheko chake kikakatika, nikasikia anafungua kifungo cha kola yake.